Ngome ya Yesu na Neno Msaliti

Ziko tarehe ambazo mtoto wa shule ya msingi huzikariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, kisha akaiteka nyara na kuichoma Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu. Mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, mpaka nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, niliwakaririsha watoto wa mkoa wa Tanga tarehe hizo, wala sijutii. Historia isiyo na tarehe ni kama nyumba isiyo na nguzo. Lakini nguzo peke yake si nyumba, na mtu hawezi kulala chini ya nguzo.

Nyumba yenyewe nimeanza kuiona vizuri uzeeni. Binti yangu aliolewa Mombasa, na mumewe ni kijana ambaye kwao asili ni Faza, katika kisiwa cha Pate. Kwa hiyo kila nipatapo nafasi hupanda basi pale Tanga, nikavuka mpaka Horohoro, nikapita Msambweni na Ukunda, hata nikafika kivukoni Likoni. Safari moja kati ya hizo ndiyo iliyonipa mawazo ninayotaka kuyaandika hapa. Siku hiyo tulikwenda ngomeni watu watatu: mimi, mkwe wangu, yaani mama yake mume wa binti yangu, na mjukuu wetu wa kiume ambaye alikuwa darasa la nane.

Kabla sijaeleza yaliyotupeleka, naomba msomaji anifuate kwanza tulitazame jengo lenyewe, maana wengine hawajapata bahati ya kufika huko.

Ngome hii imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, ukingoni mwa Mji wa Kale, mahali ambapo chombo chochote kiingiacho katika bandari ya zamani ni lazima kipite mbele ya mizinga yake. Aliyeamuru ijengwe ni mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, msanifu mkuu wa majengo ya Wareno katika nchi za mashariki. Wasanifu wa Ulaya wa zama hizo waliamini kuwa vipimo vilivyo kamili vimo katika mwili wa binadamu. Ndiyo maana ukiitazama ramani ya ngome hii unaona kama mtu aliyelala, ana kichwa, mikono na miguu. Waashi waliletwa kutoka Goa, huko India. Kuta ni nene ajabu, na pale zinaposhuka handakini huwezi kujua vizuri mwamba unaishia wapi na kazi ya mwashi inaanzia wapi.

Kwa nini waliijenga? Si kwa sababu ya Mombasa peke yake. Katika miaka ya 1580 nahodha Mturuki aliyeitwa Mir Ali Bey alishuka pwani hii mara mbili, na miji mingi ikampokea kwa furaha, kwa kuwa ilikwisha kuchoshwa na kodi za Wareno. Mwaka 1589 Wareno walimshinda palepale Mombasa. Baada ya hapo waliona kwamba pwani hii haishikiki kwa merikebu zinazokuja na kuondoka. Wanataka jiwe linalokaa. Wakalijenga jiwe hilo, wakalipa jina la Yesu, na juu yake wakapanga mizinga. Mimi si mtu wa kubishana juu ya dini za watu. Nasema tu kwamba jina lile na mizinga ile vimekaa pamoja kwa zaidi ya miaka 400, na kila mtoto niliyemfundisha aliona jambo hilo mwenyewe bila kuonyeshwa.

Juu ya lango liko jiwe lenye maandishi ya Kireno. Liliandikwa kwa sifa za Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni wa ngome mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 27. Jiwe hilo lataja miji aliyoitoza kodi na miji aliyoiadhibu. Pate imo, Siyu imo, na Pemba pia imo, ambako anasifiwa kuwa aliwaua wakubwa walioasi. Mjukuu wetu aliyasoma maelezo yaliyotafsiriwa, kisha akanyamaza. Ndani tuliona michoro ya merikebu na watu iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno waliokuwa hawana la kufanya. Tukaona kisima, na birika la kuhifadhi maji ya mvua, na baraza walimokaa watawala wa ukoo wa Mazrui. Tukaketi kivulini, maana jua la Mombasa halina heshima kwa wazee.

Hapo ndipo mkwe wangu aliponiambia, "Mwalimu, huyu mwanao ana lake. Mimi kila nikimwambia hanisadiki. Bibi hana cheti. Mwambie wewe."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Shuleni kwao walikuwa wamesoma habari za kuzingirwa kwa ngome, na darasani ikasemwa kwamba wenyeji waliopigana upande wa Wareno walikuwa wasaliti. Akatajwa Bwana Daud wa Faza. Watoto wenzake walijua kwamba kwao ni Faza, na watoto ni watoto: tangu siku ile wakawa wanamwita Msaliti. Kijana hakulia wala hakupigana. Aliacha tu kusema kwamba yeye ni mtu wa Faza. Bibi yake aliligundua hilo siku mgeni alipomwuliza kwao ni wapi, naye akajibu, "Mombasa."

"Babu," akaniuliza, "kwani Bwana Daud alikuwa msaliti?"

Nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu ya ualimu. Mengi kati yake yalitaka jibu la mtihani. Hili lilitaka jibu ambalo mtoto ataondoka nalo na kuishi nalo, na bibi yake alikuwa ananitazama. Sikutaka kumpa la haraka. Nilimsimulia mambo kwa utaratibu wake, nami nayasimulia hapa vivyo hivyo.

Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Omani, yaliyotumwa na Imamu Saif bin Sultan, yalianza kuizingira ngome. Ndani yake walikuwamo askari wa Kireno wachache sana, hawakufika 100, pamoja na wenyeji waliokimbilia humo na watu wao. Mazingira hayo yalidumu miezi 33. Njaa iliingia, na baada ya njaa yakaingia maradhi. Makapteni wa Kireno wakafa mmoja baada ya mwingine. Ilipofika mwishoni mwa Agosti 1697, hapakuwa na Mreno wa kuamrisha. Amri ya ngome nzima ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza. Alikuwa na jamaa zake wachache, na wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50, nao wakashika silaha na kulinda kuta. Watu hao ndio walioishikilia ngome mpaka msaada ulipofika kwa merikebu mwezi wa Septemba. Moja ya merikebu za msafara huo, Santo António de Taná, ilizama mbele ya ngome mwaka huohuo; wazamiaji wakaichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa humo vimo katika jumba la makumbusho, tulivitazama kwa macho yetu.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Waliobaki hai ndani walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zikatokea kutoka Goa, zikaona bendera nyekundu ya Omani inapepea juu ya ukuta, zikageuza.

"Kwa hiyo alipigana kuwasaidia Wareno," mjukuu akasema.

"Alipigana ndani ya ngome ya Wareno," nikamjibu. "Sasa tutazame alifikaje humo."

Nikamweleza habari za Faza. Mwaka 1587, kwa sababu mji huo ulimpokea yule Mturuki, Wareno chini ya Martim Afonso de Melo waliushambulia, wakawaua watu wake na kuikata minazi yake. Mnazi hauoti kwa mwaka mmoja. Anayekata mnazi anakata chakula cha mtoto ambaye hajazaliwa. Hata hivyo, miaka 110 baadaye, mkubwa wa Faza anakutwa anaishikilia ngome ya watu walewale. Je, watu wa Faza walisahau? Sidhani. Lakini Faza iko katika kisiwa kimoja na mji wa Pate, na miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama wa miaka mingi. Pate ilipoegemea Omani, Faza haikuona mahali pa kuegemea ila kwa Wareno. Malindi nayo ilifanya hivyohivyo mapema zaidi: iliwakaribisha Wareno mwaka 1498 kwa sababu Mombasa ilikuwa hasimu wake. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Miji midogo ilikuwa inazama kati ya mataifa makubwa, nayo ikishika chochote kilicho karibu.

Kisha nikamwuliza yeye: kama Faza ni wasaliti kwa kuwa walikuwa upande wa Wareno mwaka 1697, Pate tutawaitaje? Maana mwaka 1728, wakati Omani ilipokuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtawala wa Pate ndiye aliyeshirikiana na Wareno, nao wakairudia Mombasa na kuingia tena ngomeni. Na watu wa Mombasa je? Mwaka 1729 waliwainukia Wareno, wakawabana mpaka wakasalimu amri mwezi wa Novemba na kuondoka, wasitawale tena mahali popote kaskazini ya mto Ruvuma. Hapo tunawaita mashujaa, na ni haki yao. Lakini watu haohao wa Mombasa walituma ujumbe Omani kuomba walindwe, na baadaye magavana wa ukoo wa Mazrui wakajitenga na Omani, na mwaka 1824 wakapandisha bendera ya Kiingereza ili wasitekwe na Sayyid Said. Haikuwafaa kitu. Waingereza waliondoka mwaka 1826, na mwaka 1837 Sayyid Said akaitwaa ngome moja kwa moja. Wanahistoria wamehesabu kwamba kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome hii ilitekwa na kupotezwa mara tisa. Katika mara hizo tisa, kila mji wa pwani ulipata zamu yake ya kuwa rafiki wa leo na adui wa kesho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na kapteni wa ngome. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme wa Mombasa chini ya Wareno. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, na Wareno wengi pamoja na wenyeji waliobatizwa wakauawa. Wareno walituma jeshi mwaka 1632 likashindwa. Kisha yeye mwenyewe akaiacha ngome, akaenda zake baharini, wala hakuipata tena nchi yake. Mtu huyu tumwite nani? Wareno walimwita msaliti wa mfalme na wa dini. Vitabu vyetu baada ya uhuru vilimwita mpigania uhuru. Lakini wale wenyeji waliobatizwa na kuuawa siku ile nao walikuwa watu wa pwani hii. Watoto wao wangemwita nani?

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba neno msaliti lina maana yake, tena ni neno zito, na si vizuri kulifuta katika lugha. Msaliti ni mtu aliyekula kiapo kwa watu wake kisha akawauza. Lakini ili umwite mtu hivyo, ni lazima kwanza uniambie watu wake ni akina nani. Mwaka 1697 hapakuwa na Kenya wala Tanzania. Palikuwa na Faza, na Pate, na Mvita, na Malindi, na Kilwa. Kila mmoja na mtawala wake, misikiti yake na makaburi yake. Watu wa Bwana Daud walikuwa watu wa Faza. Hao hakuwauza, alivumilia njaa pamoja nao. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa kuchagua mlinzi mbaya. Hilo lina hoja, na naweza kulijadili mchana kutwa. Lakini kuchagua vibaya na kusaliti ni mambo mawili.

Mkwe wangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema, "Na wale wanawake hamsini, Mwalimu? Hao mbona hawaitwi wasaliti wala mashujaa?"

Nakiri kwamba swali hilo lilinikaa moyoni kuliko la mjukuu. Makapteni wa Kireno tunayajua majina yao. Maimamu wa Omani tunawajua. Bwana Daud tunamjua. Katika masimulizi yote niliyopata kuyasoma sijaona hata jina moja la wanawake wale. Kuna uwezekano mkubwa kwamba baadhi yao walikuwa watumwa, ambao hawakuulizwa wanapenda upande upi. Walikuta wamo ndani ya ukuta, na nje ya ukuta kuna kifo, wakashika bunduki. Ukiniuliza nani aliyeilinda Ngome ya Yesu katika wiki zile mbaya kuliko zote, nitasema ni wao. Hawakuwa na mfalme wa kumsaliti.

Tulipotoka nilimfundisha mjukuu jambo jingine dogo, la lugha. Nilimwuliza neno gereza limetoka wapi. Hakujua. Wataalamu wanatueleza kwamba limetokana na neno la Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome zao, nasi tukaisikia sauti hiyo tukaipa jengo zima. Ndiyo maana ngome iliyoko Kilwa Kisiwani tunaiita Gereza mpaka leo, ingawa waliotumia kuta zake mwisho walikuwa Waarabu. Baadaye ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na neno likahamia huko. Pale Mombasa maana zote zilitimia katika jengo moja: Wareno walisali humo, Waomani na Mazrui walitawala humo, na Waingereza, walipoifanya nchi kuwa himaya yao mwaka 1895, waliifanya ngome kuwa jela, ikawa hivyo mpaka mwaka 1958. Ikatengenezwa kwa fedha za Taasisi ya Gulbenkian ya Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watu waliofungwa humo kwa zaidi ya miaka 60 nao ni sehemu ya habari zake, nao pia wengi wao hatuyajui majina yao.

Wako wanaouliza kwa nini tutunze jengo la mgeni aliyetuonea. Nimelisikia swali hilo kwa walimu wenzangu, tena wasomi. Jibu langu ni kwamba kuta zile hazimsifu yeyote tena. Jiwe la Cabreira liko juu ya lango likijisifu, na chini yake wanapita watoto wa Siyu, Pate na Pemba wakiwa na madaftari, wakilisoma na kulihukumu. Kama lingevunjwa, wangebaki na maneno ya wazee kama mimi, na mzee ana cheti au hana, si wa kuaminiwa peke yake.

Kwa walimu vijana ninalo ombi moja. Fundisheni tarehe, maana bila tarehe mtoto hana pa kushika. Lakini mkifika kwenye mazingira ya 1696, msiwape watoto makundi mawili tu, letu na lao, halafu mkawaacha wachague. Darasani mwenu amekaa mtoto wa Faza karibu na mtoto wa Pate, na nyuma yao amekaa mtoto ambaye nyanya yake aliletwa pwani kwa minyororo. Kila mmoja anasikiliza jina la kwao likitajwa, na analolisikia atalibeba kwenda nalo nyumbani.

Mjukuu wangu sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Sikumwambia kwamba Bwana Daud alikuwa shujaa; hilo ataliamua mwenyewe akisha kusoma zaidi yangu. Bibi yake ameniarifu jambo moja tu, nami limenitosha: wageni wakimwuliza kwao ni wapi, anajibu, "Faza."